Mama mwenye magoti, watoto wawili na kusi ya Juni: safari ya Unguja ipangwe vipi?

Swali: "Tunaishi Mwanza. Shule zikifunga mwezi wa sita nataka kumpeleka mama yangu na wanangu wawili Zanzibar, tulale usiku nne. Ni mara yetu ya kwanza. Mama ana miaka 67, ana presha inayotulizwa na vidonge, na magoti yanamsumbua. Watoto wana miaka 11 na 6, wao wanataka bahari tu. Mama anaogopa boti, ameambiwa watu hutapika njia nzima. Mume wangu, ambaye hatakuwa nasi, anasema tupitilize Nungwi kwa sababu mjini hakuna kitu ila vichochoro na papasi, wale vijana wanaowaganda wageni njiani. Jirani yangu naye alikwenda ufukweni akakuta maji yametoroka, akashinda anatazama mchanga. Tena sisi ni Wakristo, sijui tuvaeje wala tutapokewaje. Tulale wapi, tuanze na nini?"

Jibu:

Dada yangu, umeuliza mambo matano, lakini ukiyatazama vizuri, matatu yana mzizi mmoja: saa. Boti huchafua watu kwa saa fulani za siku na miezi fulani ya mwaka. Maji ya ufukweni hayatoroki, huenda na kurudi kwa ratiba inayojulikana. Vichochoro vya Mji Mkongwe saa saba mchana na vichochoro hivyohivyo saa moja asubuhi ni miji miwili tofauti. Wengi wanaorudi Unguja wamenuna walifika mahali pazuri kwa saa mbaya, na hakuna aliyewaambia mapema.

Nianze na ushauri wenyewe, kisha nieleze sababu. Usiku mbili za kwanza laleni Kendwa au Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Usiku mbili za mwisho laleni mjini. Msifanye kinyume chake, na msihame zaidi ya mara moja. Watoto watapata bahari yao siku ya kwanza, watatulia, na mama atakuwa karibu na bandari asubuhi ya kurudi, jambo ambalo kwa mwezi wa sita lina uzito kuliko unavyodhani.

Tuanze na boti, maana hapo ndipo hofu ya mama ilipo. Dar es Salaam na Unguja Mjini zimetengana kwa kilomita 70 hivi za maji, na boti ziendazo kasi huchukua saa mbili, pengine kidogo zaidi. Mwezi wa sita ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini na kusini-mashariki. Sasa tazama ramani: Unguja Mjini iko kaskazini ya Dar. Kwa hiyo mnapokwenda, mawimbi yanawafuata kwa nyuma, upande wa tezi, na chombo kinayapanda polepole. Mnaporudi, omo, yaani mbele ya chombo, inayakabili uso kwa uso, na kila wimbi linapiga. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema safari yake ilikuwa shwari kama maziwa na mwingine akaapa hatapanda tena, na wote wawili wanasema kweli: mmoja anakumbuka kwenda, mwingine anakumbuka kurudi. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, ila bahari ya mkondo ule kwa jumla huwa tulivu zaidi kwa kuwa kisiwa chenyewe kinakinga upepo.

Upepo wa kusi hulala usiku na huamka jua linapopanda. Boti ya asubuhi kwa kawaida hukutana na bahari iliyopumzika, na ile ya alasiri hukutana na bahari iliyokwisha kuchokozwa mchana kutwa. Chukueni boti ya kwanza ya asubuhi kwa kurudi, hata kama itawalazimu kuamka alfajiri. Kwa kwenda si lazima sana.

Kutapika nako kuna sababu yake, wala si udhaifu wa mtu. Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji vinavyoueleza ubongo kwamba mwili unayumba. Macho, yakiwa yamekazia simu au kiti cha mbele, yanaueleza ubongo kwamba hakuna kinachosogea. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, jibu lake ni kichefuchefu. Dawa ya kwanza basi ni kuyapatanisha macho na sikio: mama akae mahali anapoona nje, atazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, asisome, asiangalie simu. Kiti kizuri ni cha sitaha ya chini, katikati kwa upana wa boti na kuelekea nyuma, kwa sababu hapo ndipo chombo kinapoyumba kidogo kuliko kwingine. Hapa watu wengi hupotea: wanalipia daraja la juu wakidhani ghali ndiyo tulivu, kumbe kadiri unavyopanda juu na kwenda mbele ndivyo unavyobembea zaidi. Kiti cha bei nafuu chini nyuma kinaweza kumfaa mama kuliko sofa la juu.

Asipande na njaa wala na shibe. Kipande cha mkate na chai ya tangawizi isiyo na maziwa mengi, saa moja kabla, vinatosha. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari zipo madukani, na hufanya kazi zikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chombo kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Lakini nyingi za dawa hizo huleta usingizi, na baadhi haziendi vizuri na ugonjwa wa presha ya macho au na dawa nyingine. Kwa hiyo usimpe mama kile alichomeza jirani. Nenda na vidonge vyake vyote vya presha kwa mfamasia au daktari wake, aviangalie, aseme kipi kinamfaa. Jambo hili lifanyike Mwanza, lisingojee lango la bandari. Na dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye begi linalochukuliwa na wapagazi. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza kidonge cha presha, asirudie kingine kwa kubahatisha. Apige simu kwa daktari wake.

Kama hata baada ya hayo mama bado anatetemeka kwa kuiwazia boti, ndege ipo: kutoka Dar ni dakika 20 hivi angani, na uwanja wa Abeid Amani Karume hauko mbali na mji. Ninyi mnatoka Mwanza, na kama mnapanda ndege hadi Dar, pigeni hesabu ya kuunganisha moja kwa moja, kwa sababu kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi bandarini katikati ya foleni za Dar kunaweza kula saa mbili na teksi juu yake. Binafsi ningechagua ndege kwa kurudi tu, boti kwa kwenda. Watoto waione Unguja ikiinuka kutoka baharini, minara na majumba meupe, kama ilivyoonekana na kila aliyeingia kwa jahazi.

Tiketi: nunueni ndani ya ofisi ya kampuni au kwa mtandao, si kwa kijana wa getini anayekuita mama. Jina la tiketi lilingane na la kitambulisho. Mtanzania hahitaji pasipoti, lakini beba kitambulisho cha taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ambavyo pia vitakusaidia kupewa nauli na viingilio vya watoto. Fikeni saa moja kabla. Msomaji wa nje ya Tanzania aje na pasipoti, na ajue kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni hukata bima ya safari ya lazima kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Aulize kiwango kinachomhusu kabla hajaondoka.

Sasa maji yaliyomtoroka jirani yako. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na tunapata bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, na tofauti hushuka sana. Hadi hapo ni elimu ya kila mvuvi. Kinachomgusa mgeni ni umbo la chini ya bahari. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, kuna mwamba wa matumbawe mbali kidogo, na kati yake na ufukwe sakafu ya bahari ni bapa kama sinia. Maji yakishuka mita chache kwenye sinia, ukingo wake hukimbia kilomita nzima au zaidi. Kendwa na Nungwi, upande wa magharibi, sakafu inashuka haraka, kwa hiyo maji yakipwa husogea hatua chache tu na mtoto anaendelea kuogelea.

Jirani yako, bila shaka, alikwenda mashariki siku za bamvua. Na kuna siri ndogo ambayo itakusaidia: hapa Unguja, siku za bamvua, maji hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, hujaa asubuhi karibu saa nne. Kwa hiyo ukijua tu mwezi uko wapi angani, unajua takriban saa ya kuogelea bila kutafuta jedwali. Ukiweza, uliza mapokezi ya hoteli siku ya kwanza, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Kila mfanyakazi anajua.

Sababu ya pili ya kuchagua kaskazini-magharibi ni hiyohiyo kusi. Mwezi wa sita upepo unaipiga pwani ya mashariki moja kwa moja, ndiyo maana wanaoteleza kwa tiara huifuata Paje msimu huo. Kwa mtoto wa miaka 6 upepo huo ni mchanga machoni na maji yenye vurugu. Kendwa inakuwa imejificha nyuma ya kisiwa. Wala sitaki kuidharau mashariki: wakati wa maji kupwa utaona akina mama wakiinama kwenye mashamba ya mwani, vigingi na kamba vimepangwa safu kwa safu, na watoto wenu wangejifunza mengi pale. Lakini kwa usiku mbili za kuogelea, nenda kaskazini.

Wavalisheni watoto viatu vya mpira majini. Kwenye mawe na majani ya bahari hukaa yule mdudu mweusi mwenye miiba mirefu kama sindano. Mwiba ukiingia hukatika, na ukiuchokoa kwa pini unavunjika vipande zaidi. Loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia, nusu saa hadi saa moja, joto hupunguza maumivu, kisha toa vinavyoonekana kwa kibano. Mwiba ulioingia kwenye kiungo, au jeraha linalovimba na kuwa jekundu kesho yake, lionwe na mhudumu wa afya, lisitibiwe kwa maneno ya ufukweni.

Kutoka bandarini hadi Nungwi ni kilomita 60 hivi, saa moja na nusu kwa gari. Daladala zipo na ni nafuu sana, lakini nyingine zina paa la chini na viti vya ubavuni, na magoti ya mama hayatakusamehe. Chukueni teksi, mkubaliane bei ya gari zima kabla mizigo haijapakiwa, na kabla hamjatoka mjini toeni fedha benki, maana huko shamba mashine za fedha ni chache na huishiwa. (Mtu wa Unguja akisema "nakwenda shamba" hamaanishi analima. Nje ya mji ni shamba, hata kama ni hoteli ya ghorofa.)

Tukija mjini, hapa sikubaliani kabisa na mumeo, kwa heshima zote. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sababu yake ni hivyo vichochoro vyenyewe. Majumba yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimeshikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vyote vya zamani ni vyembamba na virefu. Njia zimebanwa ili ukuta mmoja uupe mwingine kivuli, na upepo wa bahari ukiingia kichochoroni unapita kwa kasi kama kwenye bomba. Simama saa sita mchana katikati ya njia pana ya Darajani, kisha ingia hatua kumi ndani ya kichochoro, utaelewa bila kuambiwa.

Lakini ujenzi huohuo una jambo moja ambalo picha za hoteli hazilionyeshi, nalo kwa mama yako ni kubwa kuliko yote niliyoandika: ngazi. Nyumba za zamani zilizogeuzwa hoteli zina ngazi zenye mwinuko mkali, vidato virefu visivyolingana, mara nyingi bila lifti, na chumba kizuri chenye mandhari huwa ghorofa ya tatu. Kabla ya kulipa, piga simu uulize maswali matatu kwa maneno haya: chumba kiko ghorofa ya ngapi, kutoka mlango wa barabarani hadi kitandani kuna vidato vingapi, na chai ya asubuhi inanywewa wapi. Hilo la tatu watu husahau. Unapata chumba cha chini, kisha unagundua kifungua kinywa kiko juu ya paa. Uliza pia kama gari linafika mlangoni, kwa sababu mitaa mingi ya ndani haipitiki ila kwa miguu na pikipiki. Shangani, Vuga, Malindi na kandokando ya Mkunazini kuna nyumba nyingi ambazo teksi inafika mlangoni au karibu yake.

Siku ya mjini igawe kama wenyeji wanavyoigawa. Saa moja hadi saa nne asubuhi ndizo saa za kutembea. Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, samaki na nyama huuzwa asubuhi, na sakafu ya upande wa samaki ni tope la maji na magamba. Mama avae viatu vinavyoshika, au asubiri upande wa viungo. Kutoka hapo hadi kanisa la Mkunazini ni mwendo mfupi. Kanisa hilo la Kianglikana lilijengwa kuanzia mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule soko lilipofungwa, na nje kuna sanamu za mawe za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Mtoto wa miaka 11 aelezwe ukweli kwa maneno yake. Kwa yule wa miaka 6 sanamu zatosha, msimteremshe kwenye vyumba vya chini vyenye dari ya kugusa kichwa. Mama naye abaki juu, ndani ya kanisa kuna baridi na mabenchi.

Hapo umejibiwa pia suala la dini. Minara Miwili, kanisa Katoliki, imesimama katikati ya misikiti tangu mwishoni mwa karne ya 19, na misa husomwa kila Jumapili. Hakuna atakayewauliza mnaabudu wapi. Wanachotazama watu ni stara: mabega na magoti yafunikwe mjini na vijijini, mwanamke na mwanamume. Huhitaji baibui. Gauni refu na kanga moja ya ziada mkobani, basi. Nguo za kuogelea ziishie mchangani, mtu akienda dukani hata hatua ishirini ajifunge kanga. Usiingie msikitini bila kukaribishwa, usimpige mtu picha bila kuomba. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane maduka mengi hufungwa, panga chakula na mapumziko hapo. Na salamu: mjini Unguja mtu haanzi na bei. "Shikamoo" kwa mkubwa, "Habari za asubuhi" kwa rika, kisha ndiyo unauliza. Mgeni anayesalimia vizuri hupunguziwa bei kabla hajaomba.

Mumeo ana haki kidogo kuhusu papasi. Neno lenyewe ni jina la kupe, na linaeleza kazi yao. Lakini ninyi mna silaha ambayo Mzungu hana, lugha. "Ahsante kaka, leo hatuhitaji, tuna mwenyeji wetu," kwa sauti ya upole, huku mnatembea. Kinachowaponza watu ni kusimama na kujieleza. Mkitaka mtembezaji, achukuliwe kupitia hoteli au awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na mkubaliane saa na bei kwa kundi zima. Kupotea nako kusiwatishe: mji ni rasi ndogo, bahari upande mmoja na barabara ya Darajani upande mwingine. Shikeni upande wowote, robo saa hivi mtakuwa mmeibuka mahali panapojulikana.

Mwambie mkubwa ahesabu milango. Wenye kichwa cha mviringo na vigingi vya shaba ni wa asili ya Kihindi. Wenye kichwa cha mraba na maandishi juu ni wa Kiarabu. Atazame ubao wa pembeni wa mlango mmoja kwa karibu: chini mara nyingi kuna samaki au mawimbi, kutoka hapo unapanda mtende au ua, na ukingoni mnyororo umechongwa pete kwa pete. Pete hizo zilipigwa kwa patasi, mtoto akiingiza kidole anasikia alama.

Beit el Ajaib msiitegemee kuingia. Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lilibomoka upande mmoja Desemba 2020, kwa hiyo hesabuni kulitazama kwa nje tu. Ngome Kongwe, jirani yake, iko chini na haina ngazi nyingi, mama ataiweza.

Saa sita hadi saa kumi rudini mkalale. Juni ni mwezi mwema, joto mara chache hupita nyuzi 30, lakini unyevu wa pwani hukausha mtu bila yeye kujua, na baadhi ya vidonge vya presha ni vile vinavyomfanya mtu akojoe sana. Mtu wa namna hiyo akikosa maji, presha hushuka, kizunguzungu humjia akisimama ghafla, na hapo ndipo anapoanguka kwenye kidato. Mama anywe maji kila saa hata asiposikia kiu. Ikiwa uso utapinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakamkwama, au kifua kikabana, msingoje kipimo cha presha wala chai ya tangawizi. Ni hospitali ya Mnazi Mmoja, mara moja, iko mjini palepale. Na mtoto akipata homa, hapo au mkisharudi Mwanza, apimwe malaria kwanza.

Jioni ni ya Forodhani, bustani ya ukingoni mwa bahari penye meza za chakula. Fikeni saa kumi na moja na nusu. Siku za bamvua maji yako juu karibu na ukuta, na vijana wanakimbia na kujirusha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtindo wake. Wanao watataka kuiga. Wakatazeni: mitaro ya mji humwagika kwenye maji yale, na chini kuna mawe na kamba za boti. Meza za chakula huwashwa taa jua likizama.

Hapa nataka uwe makini. Usalama wa chakula cha Forodhani hauko kwenye usafi wa meza, uko kwenye saa. Samaki, pweza na ngisi waliochomwa mchana wakapangwa, usiku hupashwa tu. Moto wa dakika mbili unaua vijidudu, lakini hauondoi sumu ambayo vijidudu hivyo vilishaiacha kwenye nyama. Jodari aliyekaa kwenye joto ni mfano mbaya zaidi: mdomo unawasha, uso unaiva, moyo unaenda mbio, hata akichomwa upya mpaka akauke. Kwa hiyo kula kile kinachoanza kibichi mbele ya macho yako. Pizza ya Zanzibar ni salama kwa sababu hiyo: kinyunya kinasukumwa mpaka kinaona mwanga, nyama ya kusaga, kitunguu na yai vinamiminwa katikati, pembe nne zinakunjwa, na inakaangwa hapohapo. Mishkaki iliyotundikwa mibichi, sawa. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, sawa, bila barafu. Uliza bei kabla ya sahani kujazwa, kwa sababu bei ya meza za mbele ni ya watalii.

Urojo mzuri zaidi utaupata mchana mitaani kuliko Forodhani. Ni mchuzi wa njano mzito kidogo wenye ukali wa embe au ndimu, ndani yake kuna viazi, bajia, kachori, juu chatne ya nazi na chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Kwa mdogo agiza pilipili pembeni.

Kuna safari moja ya mjini ambayo wote watawauzia: kisiwa cha Changuu na kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Watoto wataipenda, boti ndogo huchukua nusu saa hivi. Shida ni kupanda na kushuka. Boti hizo mara nyingi husimama kwenye maji ya magoti, na mtu hurukia mchangani. Mama abaki mjini na kahawa yake, au muulize nahodha waziwazi kama ana ngazi ya kushukia. Pia kama mmeongezewa Nakupenda, lile fungu la mchanga katikati ya bahari, ulizeni maji yanajaa saa ngapi, kwa kuwa maji yakijaa fungu hilo karibu lote humezwa. Wote wavae maboya, na mkikuta nahodha hana ya kuwatosha watoto, msipande.

Jioni ya mwisho msizidi saa tatu usiku nje. Kama mnarudi kwa boti, kesho yake alfajiri mama ale kipande cha mkate, anywe tangawizi na dawa aliyopewa na daktari. Lipieni teksi hadi mlango wa bandari Malindi, muwe mstari wa mbele kuingia, kwa sababu viti vya katikati nyuma vya sitaha ya chini huwahiwa, na mkishavipata mkalisheni mama upande unaoona nje.